Mfarishi wa Viraka: Jinsi ya Kuokoa Saa Bila Kuharakisha Cherehani

Wakazi wa Nairobi hawana haja ya kuambiwa kwamba mwezi wa Julai una baridi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyokwenda upande wa magharibi, kupita Kawangware, Kangemi na Dagoretti, ndivyo nchi inavyozidi kuinuka. Usiku wa Julai joto hushuka mara nyingi mpaka nyuzi 12 au chini yake, na nyumba ya mabati haizuii baridi hiyo hata kidogo. Kwa hiyo si ajabu kuona katika mitaa hiyo akina mama na mafundi wanaoshona mifarishi ya viraka, yaani mafuniko ya kitanda yaliyounganishwa kwa vipande vidogo vidogo vya vitambaa, yakawekewa blanketi kuukuu ndani na bitana nyuma. Wengine huwashonea watoto wao, na wengine huuza.

Kazi hii ya akina mama kushona pamoja si ngeni. Tangu mwaka 1952 vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilifundisha kushona pamoja na upishi na usafi wa nyumba, ingawa wakati wa Hali ya Hatari wengi waliviangalia kwa mashaka, na walikuwa na sababu. Baadaye, mwaka 1996, kikundi cha Amani ya Juu kilianza hapa Nairobi, kikawakusanya wanawake wa Kenya na wakimbizi kutoka nchi nyingine za Afrika ili wajifunze kushona na kujipatia riziki, na mifarishi ni miongoni mwa kazi zao.

Leo twataka kusema juu ya jambo moja tu katika kazi hiyo, nalo ni saa. Tuseme mama mmoja ameuza mfarishi wake, na baada ya kutoa gharama ya vitambaa na uzi amebakiwa na shilingi 1,800. Ikiwa aliushona kwa saa 30, basi amejilipa shilingi 60 kwa kila saa. Ikiwa angaliumaliza kwa saa 20, angalijilipa shilingi 90, na mnunuzi asingalijua tofauti yo yote. Washonaji wengi huhesabu kitambaa mpaka inchi ya mwisho, lakini saa zao hawazihesabu kabisa, kana kwamba zinaokotwa njiani.

Mtu akiambiwa aokoe saa, wazo lake la kwanza ni kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo anapokosea. Mketi karibu na mshonaji wa viraka nusu saa, mkamwangalie: sindano yenyewe hutembea dakika chache tu. Dakika nyingine zote zaenda katika kutafuta mkasi, kuinua mguu wa cherehani, kukata uzi, kuamka kwenda kwenye pasi, kurudi, kuchagua rangi ya kipande kinachofuata, kubadili nia, na kuchagua tena. Cherehani haina pole pole. Kinachochelewesha ni kule kusimama. Basi yafaa tujifunze jinsi ya kufanya kila kazi mara moja kwa wingi, kabla ya kushika nyingine.

Tuanze na vitambaa. Mabaki ya vitenge hupatikana kwa mafundi wa nguo, kama wale wa Kenyatta Market, na katika vibanda vya washonaji mitaani. Vitambaa vizima huuzwa katika Mtaa wa Biashara katikati ya mji, ambao zamani uliitwa Bazaar. Katika soko la Toi mtu aweza kununua mashati ya mtumba ya pamba tupu, na mgongo mmoja wa shati kubwa hutoa vipande vingi kuliko mfuko mzima wa mabaki membamba. Vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, tena vyekundu na vyeusi peke yake, kwa maana vitambaa vingine hutoa rangi na vingine hurudi. Asiyefua mwanzoni kwa ajili ya kuokoa saa moja aweza kupoteza mfarishi mzima siku ya kwanza utakapoingia majini. Pamba isichanganywe na nailoni, kwa kuwa pasi inayofaa kwa moja itaiunguza nyingine.

Kisha panga vitambaa katika mafungu mawili tu: vya giza na vya mwanga. Usipange kwa rangi. Fumba macho kidogo ukitazama kitambaa: kikionekana cheusi-cheusi, kiende fungu la giza, kikionekana cheupe-cheupe, kiende fungu la mwanga. Vile vya katikati viwekwe kando kwa mfarishi mwingine. Utaratibu huu waonekana mdogo, lakini ndio unaomwondolea mshonaji mwizi mkubwa wa saa, nao ni kule kusita juu ya kila kipande. Vitenge 20 tofauti vikikaa pamoja katika fungu la giza vitapatana vyenyewe, mradi jirani zao wawe wa mwanga.

Sasa twafika kwenye kiini cha habari hii. Mtindo ulio rahisi na unaopendwa ni ule wa mraba wa vipande tisa, vitatu kwa vitatu, giza na mwanga vikipokezana kama ubao wa dama. Mshonaji asiyejua hukata vipande tisa kimoja kimoja, kisha huviunga kimoja kimoja. Anayejua hakati vipande kwanza. Hushona kanda ndefu, kisha ndipo akate.

Watu wa pwani wanaifahamu hekima hii katika kazi ya mikeka. Msusi wa mkeka hasuki mkeka mzima kwa mara moja. Husuka ukili mrefu, pengine kwa siku nyingi, akauzungusha robota, halafu huunga ukili kwa ukili mpaka mkeka upatikane. Huko Florida, Marekani, wanawake wa kabila la Seminole walipozoea cherehani mwanzoni mwa karne ya 20 waligundua jambo kama hilo katika nguo: wakashona kanda za rangi mbalimbali pamoja, wakazikata kwa kukingama, wakaziunga upya, na mapambo yao yakawa maarufu.

Basi fanya hivi. Kata kanda zenye upana wa inchi 2½. Kitenge kwa kawaida kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo ukanda mmoja uliokatwa kwa kukingama utatoa vipande 16 vya inchi 2½ na kubakiza kidogo. Unga kanda tatu kwa urefu wake: giza, mwanga, giza. Tuuite huo mkeka wa kwanza. Unga nyingine tatu: mwanga, giza, mwanga. Huo ndio mkeka wa pili. Baada ya kuipiga pasi, kata kila mkeka kwa kukingama kila inchi 2½, nawe utapata safu za vipande vitatu ambavyo tayari vimeungwa. Chukua safu mbili za mkeka wa kwanza, weka moja ya mkeka wa pili katikati, shona mishono miwili, na mraba wako umekwisha. Ukikamilika ndani ya mfarishi utakuwa na inchi 6 kila upande. Mwenye mabaki mafupi asikate tamaa: ukanda wa inchi 20 hutoa vipande 8, na mikeka mifupi mingi huleta rangi nyingi zaidi.

Hebu tuhesabu. Mfarishi wa kitanda cha futi 3 kwa 6 wafaa kuwa na inchi 54 kwa 78, ili uning'inie kidogo. Hiyo ni miraba 9 kwa upana na 13 kwa urefu, jumla 117. Lakini haifai yote iwe ya vipande tisa. Ipokezane na miraba mitupu ya kitambaa kizima, iliyokatwa inchi 6½. Hivyo twahitaji miraba 59 ya vipande tisa na 58 mitupu, na nusu ya kazi imekwisha kabla haijaanza. Tena miraba mitupu huonyesha kitenge kizuri vizuri zaidi kuliko vipande vidogo.

Mraba wa vipande tisa ukishonwa kimoja kimoja una mishono 8. Miraba 59 basi ina mishono 472, yaani mara 472 za kuinua mguu wa cherehani, kupanga, kuanza na kukata uzi. Kwa njia ya mikeka, twahitaji mikeka 8 ya aina ya kwanza na 4 ya aina ya pili, kila mmoja na mishono mirefu 2. Hiyo ni 24. Tuongeze mishono 2 ya kumalizia kila mraba, ni 118. Jumla 142. Tumepunguza kuanza na kusimama mara 330. Kama kila mara moja hula nusu dakika, basi ni dakika 165, karibu saa tatu, nasi hatujakanyaga cherehani kwa haraka zaidi hata kidogo. Kwa kazi hiyo zitahitajika kanda 20 za giza na 16 za mwanga, na kwa miraba mitupu kitambaa kisichofika yadi mbili.

Katika kukata, mwombe fundi seremala akurandie ubao mwembamba wenye upana wa inchi 2½ kamili, na mwingine wa mraba wa inchi 6½. Weka ubao juu ya kitambaa, pitisha kipande cha sabuni kandokando yake, ukate. Hakuna kusoma futi tena, na macho ya usiku hayawezi kudanganya. Kunja kitambaa mara nne na kukata zote pamoja. Zaidi ya nne kitambaa cha chini huteleza. Kanda pana na bitana za pamba zaweza kuchanwa kwa mkono baada ya kukatwa kidogo pembeni, nazo hufuata uzi zikanyooka kabisa. Kanda nyembamba tusizichane, maana kingo huvutika. Kuna pia kisu chenye gurudumu, ambacho kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, nacho hukata kwa upesi wa ajabu. Lakini chahitaji mkeka wake maalumu wa kukatia, na gurudumu likiwa butu lazima linunuliwe lingine. Mwenye kushona mifarishi miwili kwa mwaka ashike mkasi wake, aupeleke kunolewa.

Wakati wa kuunga safu, usikate uzi baada ya kila mshono. Maliza mshono wa kwanza, acha sindano ipige mara tatu au nne hewani, kisha ingiza jozi inayofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka nyuma ya cherehani uning'inie mnyororo mrefu kama samaki waliotungwa kwenye kamba. Ukimaliza zote, keti na mkasi uzikate kwa mara moja, kazi ambayo hata mtoto aweza kuifanya. Anza mnyororo kwa kipande cha takataka, usije uzi ukavutwa chini ukajifunga katika jozi ya kwanza. Jaza bobini nne au tano kabla ya kuketi. Hakuna haja ya kurudi nyuma mwishoni mwa mshono, kwa kuwa mshono mwingine utapita juu yake na kuufunga.

Twaomba wasomaji wasome sehemu hii kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupoteza jioni nzima wakifumua. Mishono yote ya mfarishi huu iwe robo inchi kutoka ukingoni, si zaidi wala si pungufu. Mshonaji akizidisha sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, ataona ni kitu gani hicho? Lakini mshono una pande mbili, kwa hiyo kila mshono umekula sehemu moja ya nane. Katika safu inayoanza na mraba wa vipande tisa mna mishono 18 kutoka upande hata upande. Hapo inchi 2¼ zimepotea. Katika safu inayofuata, inayoanza na mraba mtupu, mna mishono 16 tu, nazo ni inchi 2 kamili. Safu mbili hizo haziwezi kukutana sawasawa hata zivutwe na watu wawili. Mimi mwandishi nalipata kufumua safu sita kwa kosa hilo, nikalaumu cherehani, na cherehani haikuwa na hatia. Dawa yake ni rahisi. Pima robo inchi kutoka kwenye sindano, ubandike hapo juu ya bamba la cherehani tabaka kadhaa za plasta, mpaka pawe na ukuta mdogo. Kitambaa kitaegemea ukuta huo, nawe hutahitaji kuangalia.

Pasi nayo ina wizi wake. Anayepiga pasi kila baada ya mshono hutembea mwendo wa kutoka Kawangware mpaka mjini bila kutoka chumbani. Kusanya mikeka yote, washa pasi mara moja, iwe ya makaa au ya umeme, na upige yote pamoja. Hata tokeni za umeme zitadumu. Kwa mishono midogo ya katikati yatosha kupitisha mgongo wa kijiko juu yake. Siku zote lalisha mshono upande wa kitambaa cha giza. Ukifanya hivyo, mishono ya mkeka wa kwanza italala kwenda nje na ya mkeka wa pili kwenda ndani, na zikiwekwa pamoja zitaumana kama meno ya zipu, wala hutahitaji pini.

Imebaki shida moja ambayo vitabu vya ng'ambo haviitaji, kwa sababu waandishi wake wana vyumba vya kushonea. Katika nyumba ya chumba kimoja, mahali pa kutandaza miraba 117 ni kitandani, na kitanda chahitajika usiku. Mama hupanga miraba yake vizuri saa kumi, saa tatu watoto wataka kulala, yote huondolewa, na kesho lazima apange upya. Mnyororo ule ule watuokoa hapa pia. Panga miraba yote kitandani mara moja. Chukua miraba ya mstari wa pili wa wima, ilaze juu ya ile ya mstari wa kwanza, uso kwa uso, na uikusanye kwa mpangilio wake kutoka juu hata chini. Shona jozi hizo 13 kwa mnyororo, wala usikate uzi ulio kati yao. Kisha ongeza mraba wa mstari wa tatu kwa kila jozi, na wa nne, mpaka yote tisa iungane. Nyuzi zile fupi zimeshika safu zote mahali pake kama ngazi ya kamba. Sasa waweza kuikunja kazi yote, kuitia ndani ya mfuko, na watoto wakalala. Kesho utaikunjua ukiikuta kama ulivyoiacha, bila kuuliza mraba huu ulikuwa wapi. Mistari ya wima ambayo haijashonwa ikusanye kila mmoja peke yake, utunge kwa uzi mmoja na uandike namba.

Uso wa mfarishi ukiisha, kwa bitana twapendekeza doti ya kanga. Kanga moja huwa na sentimeta 150 kwa 110 hivi, na mbili zikiungwa kwa upande mrefu hutoa takriban inchi 59 kwa 85. Bitana yetu yatakiwa kuzidi uso kwa inchi 2 kila upande, yaani inchi 58 kwa 82, kwa hiyo doti yatosha bila kununua kitu kingine. Ila kanga zifuliwe na kupimwa kwanza, maana nyingine ni fupi kuliko ilivyodhaniwa. Tena jina la kanga litabaki mgongoni mwa mfarishi likisomeka, na wanunuzi wengine hufurahia hilo kuliko viraka vyenyewe.

Tandaza bitana chini uso ukiangalia sakafu, blanketi kuukuu juu yake, na uso wa viraka juu kabisa. Usijitese kwa kushona mistari yote kwa mkono. Funga mafundo katika pembe ambapo miraba minne hukutana; ni pembe 96. Tumia sindano ndefu na uzi wa pamba mnene ulio maradufu. Usifunge fundo moja moja: pitisha uzi katika pembe zote za safu bila kukata, ukiacha mwanya kati yao, kisha kata katikati ya kila mwanya na kufunga mafundo yote ya safu hiyo pamoja, kila moja mara mbili. Mwisho, ile bitana iliyozidi ikunje mara mbili kuja mbele juu ya ukingo wa viraka, anza na pande ndefu, na uishone kwa cherehani. Hapo mfarishi una ukingo wake, wala hukukata utepe wo wote.